Kano ya bega ikichanika: nani apasuliwe, nani afanye mazoezi

Watu wa Nyanza wanaoishi Changamwe, Mikindani au Mishomoroni wanaijua simu hii. Mama nyumbani hawezi tena kuinua mkono. Amepelekwa kupigwa picha, picha imesema kano ya bega imechanika, na sasa zinatakiwa pesa za operesheni. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mchango unaanza, na kabla ya jioni mtu ameshataja ng'ombe au kipande cha shamba.

Kuna swali moja ambalo aghalabu halijaulizwa wakati huo: kano hiyo ilichanika vipi? Ililika polepole kwa miaka mingi ya kazi, au ilikatika siku moja mtu alipoanguka? Jibu lake lina uzito kuliko picha yenyewe. Wa kwanza, mara nyingi, anaweza kuanza na mazoezi kwa miezi mitatu bila hasara, na wengi hawafiki mezani kwa daktari wa upasuaji. Wa pili asikawie. Familia nyingi hufanya kinyume: bibi wa miaka 68 anachangiwa operesheni ya haraka, na kijana wa bodaboda aliyeangukia bega anaambiwa apake dawa ya kuchua asubiri.

Makala hii inautazama ugonjwa huu kutoka Asumbi, kwenye barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, mahali penye misheni ya Kikatoliki, chuo cha walimu na shule ya wasichana inayojulikana nchi nzima. Tumeichagua kwa sababu msomaji wa Pwani ataiona hali yake mwenyewe humo. Mtu wa Asumbi, kama wa Lunga Lunga au Garsen, hana daktari bingwa wa mabega mlangoni. Kila hatua ya matibabu kwake ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea, na ni mtu wa kumsindikiza. Kuchagua vibaya kunamgharimu zaidi kuliko mkazi wa Nairobi.

Kazi za huko nazo ni za mabega. Jembe na panga, miwa ya upande wa Awendo, viazi vitamu vya Kabondo, nyavu za ziwani Homa Bay, mtungi wa maji kichwani na mkono mmoja juu ukiushikilia. Mwalimu aliyeandika ubaoni kwa miaka 30 ameinua mkono wake mara nyingi kuliko mbeba mizigo, ingawa hakuna anayemhesabia.

Bega lenyewe

Kiungo cha bega kina kichwa cha mfupa cha mviringo kilichoegemea kisahani kidogo sana. Ni kama mpira uliowekwa juu ya kisosi. Ndiyo maana mkono huzunguka pande zote, na ndiyo maana bega huteguka kwa urahisi. Kinachouzuia mpira usidondoke ni misuli minne inayotoka kwenye bapa la bega, ambayo kano zake huungana na kukizunguka kichwa cha mfupa kama kofia. Madaktari huiita kofia hiyo rotata kafu. Kano ni ile sehemu nyeupe, ngumu, inayounganisha msuli na mfupa. Mla nyama anaijua, ndiyo inayokwama menoni.

Kano ya juu, supraspinatasi, ndiyo inayochanika mara nyingi zaidi. Inapita kwenye nafasi nyembamba chini ya mfupa wa juu wa bega, na damu inayofika mwisho wake hupungua kadiri umri unavyosonga. Mchaniko unaweza kuwa wa nusu, yaani nyuzi baadhi zimekatika na nyingine zimeshika, au ukawa mzima, kano ikiwa na tundu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Huo mzima nao huanzia tundu la sentimita moja hadi kano mbili au tatu zilizorudi ndani kabisa.

Mchaniko mzima haujiungi wenyewe. Hilo ni kweli, na ndilo neno linalowatisha watu. Lakini mtu anaweza kuinua mkono vizuri, bila maumivu, huku tundu lipo. Misuli iliyobaki hujifunza kufanya kazi ya ile iliyokatika.

Picha haisemi yote

Watafiti nchini Japani walichunguza wakazi 664 wa kijiji kimoja kwa ultrasaundi ya mabega. Waliwakuta 147 wakiwa na mchaniko mzima wa kano. Kati ya hao 147, 96 hawakuwa na maumivu yoyote. Walikuwa wakilima na kulala usingizi bila kujua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Utafiti wa awali kutoka Ujerumani, wa mwaka 1999, uliwapima watu 411 wasiolalamika bega hata kidogo. Miongoni mwa waliopita miaka 80, karibu nusu walikuwa na kano iliyochanika.

Ukizipeleka hesabu hizo Asumbi, maana yake ni hii: wapange wazee waliohudhuria misa ya Jumapili, wapige picha wote, na utapata michaniko mingi kwa watu wasiohitaji matibabu ya aina yoyote. Kwa hiyo mzee anapoumwa bega na picha ikaonyesha mchaniko, huenda mchaniko huo ulikuwapo miaka kumi kabla ya maumivu. Daktari anayetazama picha tu, bila kuushika mkono, hajamaliza kazi yake.

Tena yapo maradhi mengine yanayojifanya mchaniko. Bega lililoganda huwapata sana wenye kisukari. Njia rahisi ya kulitofautisha ni kumwomba mtu mwingine auinue mkono wako polepole ukiwa umeulegeza. Ukipanda wote kwa msaada wake lakini peke yako huwezi, tatizo huenda ni kano. Ukikwama hata yeye akiuinua, huenda ni bega lililoganda, na hilo halitibiwi kwa kushona kano. Mshipa wa neva uliobanwa shingoni hupeleka maumivu begani na mara nyingi hushuka hadi vidoleni. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye kiungo. Na katika ukanda wa ziwa, kama huku Pwani, kuna watu wengi wenye selimundu, ugonjwa ambao watu huuita sikoseli. Kwao kichwa cha mfupa wa bega kinaweza kufa kwa kukosa damu, na eksirei ya kawaida mara nyingi hulionyesha hilo pindi likikomaa. Maumivu ya ghafla ya bega la kushoto pamoja na jasho, kifua kubana na pumzi kukatika ni ya moyo hadi ithibitishwe vinginevyo. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Eksirei haionyeshi kano. Huonyesha mfupa. Ultrasaundi mikononi mwa mtu mzoefu wa mabega huuona mchaniko mzima vizuri, na ni nafuu kuliko MRI. MRI inahitajika hasa operesheni inapofikiriwa kwa dhati, kwa kuwa inaonyesha pia hali ya msuli: kama bado ni msuli au umeshageuka mafuta. Kulipia MRI kabla ya kujaribu mazoezi, kwa mzee asiyeanguka, ni pesa ambazo zingemlipia nauli za kliniki kwa miezi.

Mchaniko wa polepole: mazoezi kwanza

Hapa ushahidi ni mzuri kuliko watu wanavyodhani. Nchini Finland watafiti walichukua mabega 180 ya watu wa zaidi ya miaka 55, wenye mchaniko wa supraspinatasi usiotokana na ajali, wakayagawa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilipewa mazoezi peke yake. La pili lilikwanguliwa mfupa wa juu kisha likapewa mazoezi. La tatu lilishonwa kano, likakwanguliwa mfupa, likapewa mazoezi. Baada ya mwaka mmoja, na tena baada ya miwili, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo kwa maumivu wala kwa utendaji wa mkono.

Marekani, kundi la watafiti linaloitwa MOON liliwafuatilia watu 452 wenye mchaniko mzima usio wa ajali ambao walianza na mazoezi. Katika miaka miwili, chini ya robo ndio waliochagua operesheni, na wengi wa hao waliamua ndani ya wiki 12 za mwanzo. Waliovuka hapo bila kupasuliwa, wengi walibaki hivyo miaka iliyofuata. Jambo la kushangaza ni kilichotabiri nani angepasuliwa: zaidi ya ukubwa wa mchaniko, zaidi ya ukali wa maumivu, ilikuwa imani ya mgonjwa. Aliyeanza akisema mazoezi hayatanisaidia ndiye aliyeishia mezani. Sitashangaa ikiwa ni hivyo hivyo kwetu, ambako mgonjwa aliyetoka hospitali bila sindano wala dawa hujiona hajatibiwa.

Mazoezi hayo ni yapi? Si kunyanyua vyuma, wala si kumlipa mtu akukande. Mtaalamu wa fiziotherapia anatakiwa akufundishe, akuone ukifanya, kisha ufanye nyumbani kila siku na kurudi kwake kila baada ya wiki mbili au tatu aongeze uzito. Kwa mtu wa Asumbi hilo ni safari nne hadi sita za Homa Bay kwa miezi mitatu, badala ya kulazwa.

Wiki za kwanza lengo ni kuurudishia mkono mwendo. Unainama, unaegemeza mkono mzima mezani, na ule mgonjwa unauacha uning'inie na kuyumba kama timazi ya fundi mwashi. Unalala chali mkekani, unashika mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili, na mkono mzima unausukuma mgonjwa kwenda juu ya kichwa. Unasimama mbele ya ukuta, vidole vinapanda kama buibui, na unaweka alama ya chaki ulipofika ili wiki ijayo uipite. Mwalimu atalipenda hilo.

Mwendo ukirudi, inafuata nguvu. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli unatosha. Wale wa dukani haukuzidi kitu. Funga ncha moja kwenye nguzo ya mlango, kunja kiwiko, kibane ubavuni na kitambaa kilichokunjwa katikati, kisha vuta ukanda kwenda nje polepole na uurudishe polepole zaidi. Baadaye vuta kwenda ndani. Baadaye vuta nyuma ukiyabana mabapa ya mabega yakutane. Mara tatu kwa wiki, seti chache, hadi msuli uchoke. Kuna zoezi moja linalodharauliwa ambalo huwafaa sana wazee wenye mchaniko mkubwa: kulala chali, kuinua mkono uelekee dari, na kuuyumbisha mbele na nyuma kidogo kidogo kwa dakika tano. Likiwa rahisi unaongeza mkononi chupa ndogo ya maji, kisha unaanza kulifanya ukiwa umeegemea mto, kisha umeketi. Msuli mkubwa wa nje ya bega unajifunza kuuinua mkono peke yake.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika iwapo yametulia kufikia kesho yake asubuhi. Yakikukosesha usingizi, umezidisha. Na usiufunge mkono shingoni kwa majuma. Bega lisilotembea huganda, ukapata maradhi mawili badala ya moja.

Kazi nazo zibadilishwe, maana mazoezi ya nusu saa hayawezi kushindana na saa nane za jembe. Mtungi ubebwe na mtoto au punda, au uwekwe kwenye toroli. Kinachoinuliwa kiinuliwe kiwiko kikiwa karibu na mwili. Kamba ya kuanikia nguo ishushwe usawa wa kifua. Ng'ombe asifungwe kamba mkononi. Akishtuka anavuta, na kano iliyolika humaliziwa hapo.

Kuhusu dawa: parasetamoli ni ya kuanzia. Diklofenaki na jamii yake, ambazo kemisti za vijijini huziuza kama peremende, hupunguza maumivu lakini huumiza tumbo, figo na shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Sindano ya steroidi begani hutuliza kwa wiki kadhaa, na huweza kumpa mtu nafasi ya kulala na kuanza mazoezi. Haiponyi kano. Ikirudiwa mara nyingi inaidhoofisha, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Amwambie daktari kabla. Kuchuliwa kwa upole na mafuta ya moto hakuna ubaya. Kuvutwa mkono kwa nguvu ili urudi mahali pake, au kuchanjwa chale begani, hakuunganishi kano, na chale inaweza kuleta usaha.

Miezi mitatu ya mazoezi yaliyofanywa kweli ndiyo kipimo. Aliyeyafanya kwa wiki mbili akaacha hajayajaribu.

Mchaniko wa ajali: usisubiri

Mtu aliyekuwa mzima juzi, akaanguka na pikipiki, au akateleza mwambani na boti, au akadondoka kutoka mnazini, kisha ghafla hawezi kuinua mkono, ni habari nyingine kabisa. Kano iliyokatika ghafla hurudi nyuma kama mpira wa manati uliokatika. Msuli usiovuta kitu unaanza kukonda, na baada ya miezi unaingiwa na mafuta. Mafuta hayo hayaondoki hata kano ikishonwa. Ndiyo maana wapasuaji wengi hutaka kumwona mgonjwa wa namna hii katika wiki za kwanza, na kumshona, ikiwa ni wa kushonwa, kabla ya miezi mitatu au minne kupita.

Kawaida ya vituo vidogo ni eksirei, kuambiwa hakuna mfupa uliovunjika, dawa za maumivu, nenda nyumbani. Mfupa kweli haujavunjika. Lakini baada ya wiki mbili, uvimbe ukishuka, mkono ukiwa bado hauinuki, mtu huyo anahitaji ultrasaundi na rufaa. Hasa aliyevuka miaka 40 akateguka bega: likirudishwa mahali pake watu hudhani yamekwisha, kumbe katika umri huo kuteguka mara nyingi huambatana na kuchanika kwa kano. Kijana wa miaka 20 akiteguka, kano zake kwa kawaida huwa salama; kinachoharibika ni ukingo wa kile kisahani.

Hata hapa pana nafasi ya kufikiri. Utafiti mdogo wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020, wa watu 58 wenye michaniko midogo ya ajali, haukuona tofauti ya maana baada ya mwaka kati ya waliopasuliwa na waliofanya mazoezi. Ndogo, lakini. Mchaniko mkubwa wa ajali kwa mtu anayeutegemea mkono wake kupata riziki ni wa kupelekwa kwa mpasuaji, na mapema.

Operesheni inachotoa, na inachodai

Mshono wa kano si kitu kipya. Codman wa Boston aliieleza operesheni ya namna hii mwaka 1911. Siku hizi mpasuaji hupachika nanga ndogo mfupani, za chuma au plastiki, zenye nyuzi, kisha anaivuta kano na kuifunga pale ilipobanduka. Anaweza kufanya hivyo kwa kufungua bega kwa mkato wa sentimita chache, au kwa vitundu vidogo akitazama kwa kamera. Mgonjwa anayetangaziwa kamera kama jambo la ajabu ajue kwamba utafiti mkubwa wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, ulilinganisha njia hizo mbili na haukuona tofauti baada ya miaka miwili. Mpasuaji mzuri anayefungua bega katika hospitali ya kaunti hajapitwa na wakati.

Utafiti huo huo ulionyesha kitu ambacho wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: picha za baadaye zilikuta kano ya takriban watu 4 katika kila 10 waliopasuliwa haikuunga au imechanika tena. Umri mkubwa, mchaniko mpana, kisukari kisichodhibitiwa na sigara huongeza uwezekano huo. Wengi wao walijisikia nafuu hata hivyo, jambo linaloturudisha kwa wale wanakijiji wa Japani.

Basi upasuaji una faida gani? Ipo, ila huonekana polepole. Nchini Norway watu 103 wenye michaniko isiyozidi sentimita tatu waligawanywa kwa kura kati ya kushonwa na mazoezi, wakafuatiliwa miaka kumi. Waliofanya mazoezi walipata nafuu, na 14 tu kati yao walihamia kwenye operesheni baadaye. Lakini kwa kipimo cha alama 100 cha bega, walioshonwa mapema waliwazidi wenzao kwa alama chache baada ya miaka mitano, na kwa karibu alama 10 baada ya miaka kumi. Na katika zaidi ya theluthi moja ya waliobaki na mazoezi peke yake, ultrasaundi ya mwaka wa tano ilionyesha tundu limepanuka kwa zaidi ya milimita tano. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye miaka 20 ya kazi mbele yake, hilo ni la kuwekwa kwenye mizani. Kwa mwenye miaka 72, si kwa uzito uleule.

Ndiyo sababu nasita kusema kwamba mazoezi yanashinda. Kwa mchaniko wa polepole yanastahili kutangulia, na atakayeyachagua apigwe ultrasaundi tena baada ya mwaka mmoja au miwili, hasa akiwa chini ya miaka 60. Tundu likipanuka na nguvu zikipungua, aongee na mpasuaji tena msuli ukiwa bado msuli.

Sasa gharama, na si ya shilingi tu. Baada ya kushonwa, mkono hukaa kwenye kombeo wiki nne hadi sita. Hauoshi vyombo, hauchani nywele, haushiki usukani. Kunyanyua chochote cha maana ni baada ya miezi mitatu. Jembe, kasia na panga ni baada ya miezi sita au zaidi. Mkulima wa Asumbi aliyepasuliwa Februari hana msimu wa masika. Atakuwa anaanza kurudi shambani wakati wa vuli, na kuna mtu mwingine lazima alime, achote maji na akamue. Familia inayochanga pesa za hospitali bila kumchangia kibarua wa shamba imechanga nusu. Nimeona pia watu wakisahau kwamba baada ya operesheni fiziotherapia ni ileile, safari zilezile, tena kwa muda mrefu zaidi. Anayeona mazoezi ni mbali, kisha akachagua operesheni ili ayakwepe, ameyanunua mara mbili.

Zipo pia hatari za kila operesheni: maambukizi, bega kuganda, neva kuumia, matatizo ya dawa ya usingizi. Si za kawaida, lakini zipo.

Kuna operesheni moja ambayo familia iulize mara mbili kabla ya kuilipia. Ni ile ya kukwangua mfupa wa juu wa bega ili kuongeza nafasi, bila kushona kitu. Ilienea baada ya Neer wa Marekani kuieleza mwaka 1972. Mwaka 2018 tafiti mbili, moja ya Uingereza na moja ya Finland, ziliilinganisha na operesheni ya bandia, ambayo mgonjwa alichanjwa na kutazamwa kwa kamera tu bila kukwanguliwa. Hazikupata faida ya maana. Mwaka uliofuata jopo la kimataifa la jarida la BMJ lilipendekeza kwa nguvu kwamba operesheni hiyo isitolewe kwa maumivu ya bega ya aina hii.

Kwa mzee ambaye kano zimekwisha kabisa, msuli umekuwa mafuta na kiungo kimelika, hakuna cha kushona. Kama mazoezi ya kulala chali yameshindwa, lipo bega la bandia lililogeuzwa, mpira ukiwekwa mahali pa kisahani na kisahani mahali pa mpira, lililobuniwa na Grammont wa Ufaransa miaka ya 1980. Ni ghali na linahitaji mpasuaji aliyelizoea.

Njia ya mgonjwa kutoka Asumbi

Anayeumwa bega bila kuanguka aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apimwe sukari na shinikizo, kisha aombe rufaa ya fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Homa Bay. Asiombe MRI. Anayehitaji mpasuaji wa mifupa ana Kisii upande mmoja na Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, upande wa pili. Huku kwetu, hatua ya namna hiyo humfikisha mtu Coast General, Mombasa.

Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya NHIF imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na SHA. Mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira hupimwa kipato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya kupanga tarehe ya operesheni, mgonjwa aulize dirisha la bima hospitalini mambo mawili, na aombe jibu kwa maandishi: je, SHA inalipia upasuaji huu kwa kiasi gani, na je, nanga za mfupani zimo ndani ya malipo hayo au familia inanunua? Vifaa hivyo ndivyo huleta bili ya ghafla.

Mpasuaji naye aulizwe waziwazi. Mchaniko una upana gani, na msuli umeingiwa na mafuta kiasi gani? Kwa umri wangu na kisukari changu, uwezekano wa kano kuunga ni upi? Umeshona mabega mangapi mwaka huu? Nikisubiri miezi mitatu, napoteza nini? Swali la mwisho ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu kwa mchaniko wa ajali atakuwa na jibu la haraka na la wazi, na kwa mchaniko wa uzee mara nyingi atakubali kwamba hupotezi kitu. Akikasirika kwa kuulizwa, rufaa inaweza kuandikwa kwenda kwingine.

Mgonjwa aende na mtu anayejua ajali ilitokea lini, kama ilitokea, na lini mkono ulianza kushindwa kuinuka. Tarehe hizo mbili, zikiandikwa kwenye karatasi, zitamfaa daktari kuliko bahasha ya picha.